Mwili na Kazi Zake: Maswali ya Wanachuo wa Kigoma na Tabora

Barua za toleo hili zimetoka kwa wanafunzi wa uuguzi na utabibu wa mikoa ya Kigoma na Tabora, wengi wao wakijiandaa kuingia wodini kwa mara ya kwanza. Tumechagua maswali ambayo majibu yake yatamsaidia mwanafunzi siku atakapomwekea mgonjwa mkono. Orodha za mifupa na misuli tumeziacha, maana kitabu chochote kizuri cha anatomia kinazo.

Shikamooni wataalamu. Chuoni tunafundishwa kumchoma mtoto mdogo sindano ya msuli pajani, lakini huku kwetu wazazi wenyewe humlaza mtoto kifudifudi wakisubiri achomwe kwenye makalio. Je, hatari ipo kweli au ni kanuni ya chuoni tu? (Mwanachuo wa uuguzi, Kasulu)

Marahaba. Hatari ipo, na ni ya neva ya siatiki. Hiyo ndiyo neva nene kuliko zote mwilini. Kwa mtu mzima upana wake unafika takriban sentimita 2. Mizizi yake inatoka kwenye uti wa mgongo kuanzia L4 (pingili ya nne ya kiuno) hadi S3 (pingili ya tatu ya sakramu, chini ya kiuno). Inatoka ndani ya nyonga, inapita chini ya msuli wa pirifomisi, kisha inashuka katikati ya sehemu mbili unazoweza kuzigusa kwa vidole: mfupa tunaoukalia, na trokanta kubwa, yaani lile nundu la mfupa wa paja upande wa nje wa nyonga. Jiguse sasa hivi, ukiwa umesimama, utavipata vyote viwili.

Kwa mtu mzima mwenye nyama, robo ya juu ya nje ya kalio iko mbali kidogo na njia hiyo. Kwa mtoto mchanga hali ni tofauti. Misuli ya makalio bado ni myembamba kwa sababu haijaanza kazi ya kutembea, na kalio zima ni dogo, kwa hiyo mtoto akirusha mguu kidogo tu sindano inahama. Kuna kosa jingine tunaloliona mara kwa mara na ambalo halisemwi vya kutosha: nguo inashushwa nusu, mhudumu anagawa robo nne kwenye sehemu ya ngozi anayoiona, na ile anayoiita robo ya juu kumbe ni katikati ya kalio. Mipaka ya kalio huanzia kwenye ukingo wa mfupa wa nyonga. Ukingo wa nguo hauhusiki.

Neva ikichomwa, au dawa kali ikimwagwa karibu nayo, sehemu inayoumia zaidi ni tawi la peronea, ambalo ndani ya neva liko upande wa nje. Tawi hilo ndilo linaloinua unyayo. Matokeo yake ni mtoto anayeburuza vidole anapotembea, asiyeweza kusimama kwa visigino. Sindano za kwinini za makalio zimewaachia watoto wengi ulemavu huo, kwa kuwa dawa yenyewe inaunguza tishu.

Pajani fanya hivi. Mama ampakate mtoto na amshike magoti. Tafuta trokanta kubwa kwa juu na goti kwa chini, gawa umbali huo mara tatu, kisha chukua theluthi ya kati, upande wa nje kidogo wa mbele ya paja. Hapo kuna msuli wa vastasi lateralisi, nao haupitiwi na neva kubwa wala ateri kubwa. Sindano iingie wima, nyuzi 90. Kwa mtoto mchanga urefu wa milimita 25 unatosha, na ujazo usizidi mililita 1 mahali pamoja. Atesuneti ya malaria kali ikitolewa kwa njia ya msuli huchomwa pajani hapohapo: miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, na miligramu 2.4 kwa kila kilo kwa aliyefikisha kilo 20 na kuendelea, saa ya 0, ya 12 na ya 24.

Kwa mtu mzima anayehitaji ujazo mkubwa, jifunze kuchoma upande wa nyonga. Ukichoma nyonga ya kushoto tumia mkono wako wa kulia: kiganja juu ya trokanta kubwa, kidole cha shahada kwenye ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, kidole cha kati ukikitanua kuelekea nyuma kwenye ukingo wa mfupa huo. Choma katikati ya V iliyotokea. Sisi tunapapendelea hapa kuliko kalio lenyewe, kwa kuwa kila alama ni mfupa na mfupa hauhami mgonjwa akinenepa.

Jambo moja la mwisho hapa. Mtoto aliye chini ya miaka 15 akilegea mguu ghafla, usimalize kwa kusema "ni sindano". Toa taarifa kama kupooza kwa ghafla, na sampuli mbili za choo zichukuliwe, zipishane angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu mguu ulipolegea. Polio huondolewa kwenye orodha na maabara, si kwa kukisia.

Kwenye picha za mwili moyo umechorwa kulia kwangu, lakini mwalimu anasema uko kushoto. Nachanganyikiwa pia kwenye picha za eksirei. (Mwanachuo, Uyui)

Kulia na kushoto ni kwa mgonjwa, siyo kwako. Mwili unaelezwa ukiwa umesimama wima unakutazama, viganja vikiangalia mbele. Eksirei ya kifua husomwa vivyo hivyo, kama vile mgonjwa amekuelekea. Kabla hujaanza kuisoma tafuta alama ya R (kulia) au L (kushoto) iliyowekwa na mpiga picha, maana picha ikigeuzwa utaandika ugonjwa upande usiokuwa nao.

Tumepima presha ya mgonjwa mmoja, wanafunzi wawili, dakika chache tu. Mimi nimepata 150/96, mwenzangu 132/84. Nani kakosea? Na kwa nini namba ya chini haishuki hadi sifuri wakati moyo unapumzika? (Mwanachuo wa utabibu, Tabora Mjini)

Tuanze na swali la pili, maana linaeleza la kwanza. Kila pigo, ventrikali ya kushoto (chumba cha chini cha moyo) inasukuma takriban mililita 70 za damu kwenye aota. Kwa mapigo 70 hiyo ni karibu lita 5 kwa dakika. Aota ni mshipa wa kunyumbuka. Ikipokea damu inatanuka, na hiyo ndiyo namba ya juu. Ventrikali ikilegea, vali ya aota inafunga, kuta zilizotanuka zinarudi na kuendelea kuisukuma damu mbele, huku ateri ndogo kabisa zikiizuia isiishe yote kwa mkupuo. Ndiyo maana shinikizo linabaki 70 au 80 mpaka pigo linalofuata. Kwa mzee ambaye aota yake imekakamaa, ile nguvu ya kurudi inapungua: namba ya juu inapanda na ya chini inaweza hata kushuka. Ukikuta 170/70 kwa bibi wa miaka 75, usidhani mashine imeharibika.

Sasa nani kakosea. Kagueni mambo haya kabla ya kulaumiana. Je, mgonjwa alikaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, miguu haijapishana? Alikwenda haja ndogo? Kibofu kilichojaa hupandisha presha, na kuongea wakati wa kupimwa pia. Mkono ulikuwa usawa wa moyo? Mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya moyo, unaongeza kama milimita 7 au 8 za zebaki bila ugonjwa wowote, kwa sababu ya uzito wa damu yenyewe. Halafu mkanda: mfuko wa hewa ulio ndani yake unapaswa kuzunguka asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unatoa namba ya juu kuliko ukweli, na kosa hili ndilo tunalolishuku kwanza, kwa kuwa zahanati nyingi zina mkanda wa saizi moja tu.

Ukingo wa chini wa mkanda ukae sentimita 2 hadi 3 juu ya kunjo la kiwiko. Shika mapigo ya kifundo cha mkono, jaza upepo mpaka yapotee, ongeza 30, kisha weka stetoskopu upande wa ndani wa kano ya baisepi, ndipo inapopita ateri ya brakia. Hatua ya kushika mapigo wengi wanairuka. Kwa baadhi ya wenye presha ya juu kuna kipindi cha ukimya katikati ya sauti. Ukianza kusikiliza ukiwa tayari ndani ya ukimya huo, utaandika namba ya juu ambayo iko chini sana. Shusha milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Sauti ya kwanza ndiyo namba ya juu, sauti zinapopotea kabisa ndiyo ya chini. Rudia baada ya dakika 1 au 2.

Na mjamzito asipimwe akiwa amelala chali kabisa. Mfuko wa uzazi unakandamiza vena kubwa ya chini, damu inayorudi moyoni inapungua, na presha unayoisoma inakuwa ya uongo.

Hapa mwambao wa Ziwa Tanganyika kipindupindu si jambo geni. Mama mmoja aliniuliza: kama ORS (ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuyeyusha kwenye maji) ni dawa, mbona mtoto anaendelea kuharisha? Sikuwa na jibu zuri. (Mwanachuo, Kigoma Ujiji)

Mwambie ukweli: ORS haizuii kuharisha. Inarudisha maji na chumvi kwa kasi inayolingana na vinavyopotea, na hicho ndicho kinachookoa maisha.

Kila siku takriban lita 8 hadi 9 za maji huingia kwenye utumbo: lita 2 hivi tunazokunywa na kula, nyingine ni mate, nyongo, na majimaji ya tumbo, kongosho na utumbo. Karibu yote hunyonywa, na kwenye choo hutoka mililita 100 hadi 200 tu. Sumu ya bakteria wa kipindupindu inaziamsha seli za utumbo mwembamba zifungue njia za kloridi. Kloridi inamwagika nje ya seli, sodiamu na maji vinafuata. Lakini kuna kisafirishaji kimoja ambacho sumu hiyo haikigusi: kile kinachobeba sodiamu na glukosi kwa pamoja. Ni kama kivuko kisichong'oa nanga mpaka abiria wa aina zote mbili wawemo. Chumvi peke yake haipiti hapo, sukari peke yake haipiti. Vikiwa pamoja vinaingia, na maji yanavifuata.

Ndiyo maana vipimo vya pakiti havibahatishwi. Pakiti ya lita 1 ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti. Mama akiyeyusha pakiti hiyo kwenye nusu lita "ili iwe na nguvu", au akiongeza sukari ili mtoto aipende, mchanganyiko unakuwa mzito kuliko damu, unavuta maji kutoka mwilini kuyaingiza kwenye utumbo, na mtoto anaharisha zaidi. Soma kwanza pakiti ni ya lita 1 au ya nusu lita. Tumia chupa ya maji ambayo ujazo wake unaujua; kikombe cha nyumbani kila nyumba kina chake. Baada ya saa 24 mchanganyiko umwagwe.

Mtoto mwenye upungufu wa maji wa wastani apewe mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4. Mwenye kilo 12 atakunywa mililita 900. Akitapika, subiri dakika 10, kisha uanze tena polepole kwa kijiko. Zinki ni miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 kama hajafikisha miezi 6. Kupima upungufu, finya ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu: ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, hali ni mbaya. Tazama macho, na kwa aliye chini ya mwaka na nusu gusa utosi kama umebonyea. Mtoto aliyelegea asiyeweza kunywa anahitaji maji ya mshipa mara moja. Mwezi Mei 2015, kipindupindu kilipozuka katika kijiji cha Kagunga, mwambao wa Ziwa Tanganyika, kati ya watu waliokimbia Burundi, ugonjwa uliwakuta umati mkubwa kwenye ufukwe mwembamba wenye maji safi machache. Katika hali kama ile anayejua kupima vizuri lita moja ya ORS ana thamani kubwa sana.

Msimu wa kuchuma tumbaku, vijana wanakuja zahanati wakitapika na kizunguzungu. Wanasema ni malaria, kipimo kinatoka hasi. Ni nini? (Mwanachuo, Urambo)

Huenda ni sumu ya nikotini inayotoka kwenye majani mabichi ya tumbaku. Uliza kwanza kama wamechuma majani asubuhi yakiwa na umande, au baada ya mvua. Nikotini inayeyuka kwenye maji. Jani bichi lililolowa linaiachia, shati linalowa, na ngozi ya mikono, kwapa na mgongo inaifyonza muda wote wa kazi. Dalili huanza saa chache baadaye, wakati mwingine usiku: kichefuchefu, kutapika, kichwa kuuma, kupauka, jasho, udhaifu. Kwa kawaida zinaisha ndani ya siku 1 hadi 3.

Fiziolojia yake ni nzuri ya kusoma. Nikotini inafanana na asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva, kiasi cha kukaa kwenye baadhi ya vipokezi vyake: kwenye mafundo ya neva za kujiendesha, kwenye makutano ya neva na msuli, na kwenye ubongo. Kwa kuwa mafundo hayo ni ya pande zote mbili, upande wa kuchochea na upande wa kutuliza, dalili zinachanganyika, na mapigo ya moyo yanaweza kupanda kisha kushuka.

Mvue nguo alizofanyia kazi, mwogeshe kwa sabuni na maji mengi, mpe maji ya kunywa au ya mshipa kama anatapika sana. Usisahau kuuliza kuhusu dawa za kunyunyizia. Ukikuta mboni zimesinyaa kama nukta, mate yanachuruzika, kifua kimejaa majimaji na misuli inachezacheza, hapo fikiria sumu ya wadudu ya aina ya oganofosfeti, ambayo inazuia kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini. Huyo anahitaji atropini haraka na rufaa. Kwa wachumaji wengine ushauri ni kungoja majani yakauke, kuvaa shati refu na glavu zisizopitisha maji, na kubadili nguo zikilowa. Watoto wasichume kabisa, wala wasilale kwenye mabani (majengo ya kukaushia tumbaku) yenye majani mabichi.

Mtoto akipaliwa na karanga, inakwenda pafu gani? (Nzega)

Mara nyingi la kulia. Bronkasi kuu ya kulia (bomba la hewa linaloingia pafuni) ni pana zaidi, fupi (kama sentimita 2.5 dhidi ya 5 za kushoto), na imeshuka karibu wima. Lakini kwa mtoto mdogo tofauti ya pembe bado si kubwa kama ya mtu mzima, kwa hiyo sikiliza pande zote mbili. Karanga haionekani kwenye eksirei. Picha safi haimaanishi njia ya hewa ni safi. Mtoto aliyepaliwa jana na leo kifua kinatoa mlio upande mmoja apelekwe kwenye hospitali kubwa hata kama anacheza. Akiwa bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kutoa sauti, mpige mara 5 mgongoni kati ya mabega. Aliyezidi mwaka mmoja fuatisha misukumo 5 ya tumbo, aliye chini ya mwaka misukumo 5 ya kifua. Usiingize kidole bila kuona kitu chenyewe.

Nashindwa kuipapasa bandama. Daktari anaipata, mimi sipati kitu. (Mwanachuo wa utabibu, Kibondo)

Huenda unaanzia mahali pabaya. Bandama ya kawaida imejificha chini ya ubavu wa 9 hadi wa 11 upande wa kushoto, na haishikiki mpaka ikue mara mbili au tatu. Ikikua haishuki moja kwa moja chini. Inakatiza tumbo kuelekea kinena cha kulia. Ukianzia karibu na mbavu za kushoto kwa mtoto mwenye bandama kubwa, mkono wako unakuwa tayari juu yake, na usipoukuta ukingo utadhani tumbo ni gumu tu.

Anzia chini kulia. Mgonjwa akunje magoti ili misuli ya tumbo ilegee. Mkono wa kushoto uinue mbavu zake za kushoto kutoka nyuma, wa kulia utulie tumboni. Avute pumzi, na wewe usisukume: acha ukingo ukujie. Akitoa pumzi, sogea sentimita 2 kuelekea mbavu za kushoto. Usipopata kitu, mlaze ubavu wa kulia urudie. Bandama husogea na pumzi, ina pengo kwenye ukingo wake, na vidole havipati nafasi ya kupita kati yake na mbavu; kwa figo vidole hupita. Papasa taratibu, maana iliyovimba inaweza kupasuka.

Kwa nini ivimbe? Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na bandama ndiyo inayozikagua na kuziondoa zilizochakaa. Malaria ya mara kwa mara inaizidishia kazi. Kwa mtoto mwenye selimundu, damu inaweza kunasa ndani yake ndani ya saa chache: bandama inakua ghafla, mtoto anapauka na kulegea. Mama wa mtoto huyo afundishwe kuipapasa nyumbani na kuweka alama kwenye kijiti cha kupimia kutoka ubavuni. Siku ikizidi alama huku viganja vimekuwa vyeupe, aende hospitali saa ileile, na wewe unayempokea uanze na kuandaa damu ya kumwongezea. Kwa mtu mzima mwenye ugonjwa huohuo usishangae kutoipata kabisa. Kwa miaka mingi imekosa damu kidogokidogo mpaka ikasinyaa, ndiyo maana hupata maambukizi makali kwa urahisi.